Mtoto yuko kwenye taa: mwanga wa bluu unafanya nini, na nesi anafanya nini

Mama aliyejifungua juzi amesimama mlangoni mwa wodi ya watoto wachanga, kanga mbili begani, ananiuliza kwa sauti ya chini: "Sista, mbona mmemvua nguo? Si atapata kichomi?" Nyuma yangu mwanawe amelala chini ya taa ya bluu na nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa. Mama ameambiwa mtoto ana homa ya manjano, halafu akaambiwa hapewi sindano wala dawa ya maji, ni taa. Haviingiani. Na kusema kweli sisi tunaofanya kazi humu ndio tunaomchanganya, tukianzia na jina.

Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule wa kadi ya njano ya chanjo kwa wasafiri. Alichonacho mtoto huyu hakina mbu na wala si homa. Ngozi yake imekuwa ya njano, basi. Kwa hiyo hapa nitasema manjano tu.

Manjano yenyewe ni mabaki ya damu. Chembe nyekundu huzeeka na kuvunjwa kila siku, kwako na kwangu. Rangi nyekundu iliyomo ndani yake ikivunjwa hugeuka kwanza kuwa kitu cha kijani, kisha cha njano, na hicho cha njano ndicho kinachoitwa bilirubini. Angalia mahali palipovilia damu baada ya kujigonga mguu: zambarau, kijani, njano, halafu panapotea. Ni safari hiyohiyo. Tatizo la bilirubini ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haiwezi kutoka hivihivi. Hubebwa na protini ya damu hadi kwenye ini, ini linaibadilisha ili iyeyuke, inamwagwa na nyongo utumboni, inatoka na choo.

Sasa mtoto mchanga. Amezaliwa na chembe nyekundu nyingi kuliko mtu mzima, nazo haziishi siku 120 kama zetu, huishi kama siku 70 hadi 90. Ini lake bado linajifunza kazi. Alipokuwa tumboni hakuhitaji kuhangaika, kondo la nyuma lilipeleka takataka zote kwa mama yake. Na kama kile choo cheusi cha kwanza kinachelewa kutoka, utumbo hunyonya tena bilirubini iliyokuwa imeshafika njiani na kuirudisha kwenye damu. Ndiyo maana watoto takriban 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 waliozaliwa njiti, huwa wa njano wiki ya kwanza. Wengi wao inaisha yenyewe bila mtu kufanya lolote.

Hao wengi ndio wanaotufanya tulale usingizi. Kila bibi amelea watoto wa njano waliopona wenyewe, na hakosei. Lakini bilirubini isiyoyeyuka kwenye maji hupenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Ikizidi, huvuka na kuingia humo. Dalili za mwanzo ni za kimya: mtoto analala mno, analegea, ananyonya kwa uvivu. Mama mchovu anaweza hata kushukuru kwamba kapata mtoto mtulivu. Baadaye kilio kinakuwa chembamba na kikali, mwili unakakamaa, shingo na mgongo vinapinda nyuma kama upinde, degedege inafuata. Anayenusurika hapo anaweza kubaki na mtindio wa ubongo, wa ile aina ya viungo visivyotulia, au uziwi, au macho yasiyoweza kutazama juu. Hakuna taa inayorudisha hayo.

Swali basi si kama mtoto ni wa njano. Swali ni kiasi gani, ana saa ngapi tangu azaliwe, na nini kinamsukuma. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza huwa si ya kawaida hata yakiwa hafifu. Mama mwenye damu ya kundi O akizaa mtoto wa A au B, au mama wa Rh hasi akizaa wa Rh chanya, kinga ya mama inaweza kuzivunja chembe za mtoto. Uvimbe wa damu kichwani baada ya kuvutwa kwa kifaa ni ghala la bilirubini itakayokuja. Maambukizi yanaongeza, na kuzaliwa kabla ya wakati kunashusha kiwango ambacho ubongo unaweza kuvumilia.

Halafu kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinachozilinda chembe nyekundu zisipasuke, ambao hupatikana zaidi mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi, yaani kwetu kabisa, na unawapata zaidi wavulana. Mtoto mwenye upungufu huo akikutana na vitu fulani chembe zake zinapasuka kwa wingi, na kimojawapo ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu. Nguo za kichanga zimetunzwa sandukuni tangu mtoto wa kwanza, zimekunjwa vizuri, vidonge vimewekwa katikati. Mimi nikipokea mtoto wa manjano, kabla sijashika kalamu, nanusa shali yake. Ikinukia sanduku, nguo zote zinarudi nyumbani kufuliwa na kuanikwa, na daktari anaambiwa.

Macho ya nesi yana mpaka. Kwenye ngozi nyeusi manjano hujificha. Unabonyeza paji la uso au kifua kwa kidole, ukiachia unatazama rangi kabla damu haijarudi. Unafungua mdomo, unaangalia ufizi. Unamsogeza mtoto dirishani kwa sababu taa za wodini zinadanganya. Hapo unajua kuna manjano. Kiasi chake unakijua kwa damu tu, au kwa kile kipimo cha kugusisha kwenye ngozi pale kilipo. Namba ikija inasomwa kwenye grafu ya saa na wiki za mimba. Kwa mwongozo wa Uingereza, mtoto aliyetimiza wiki 38 akiwa na saa 24 anawekwa kwenye taa akivuka mikromoli 200 kwa lita, lakini akiwa na siku 4 ni 350. Aliyezaliwa kabla ya wiki hizo, akishafika siku 3, unachukua wiki zake za mimba, unazidisha kwa 10, unatoa 100: wa wiki 30 anaanza taa akiwa na 200. Namba ileile ambayo kwa kitanda cha pili ni ya kutazamwa tu, kwa huyu ni ya kukimbia.

Taa iligunduliwa na nesi

Hili napenda lijulikane. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward aliyesimamia wodi ya watoto njiti alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto wake nje siku za jua, akiamini hewa na jua vinawafaa kuliko joto la ndani. Siku moja akamfunua mtoto mbele ya madaktari waliokuwa kwenye mzunguko. Mtoto alikuwa amepauka isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyokuwa ya njano iliyokolea. Wakadhani kapakwa dawa. Pembetatu ile ilikuwa mahali ambapo ncha ya shuka ilimfunika. Kwingine kote jua lilikuwa limeondoa rangi.

Muda si mrefu, chupa ya damu ya mtoto wa manjano ikasahaulika dirishani juani, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka sana kuliko ilivyotarajiwa. Dk. Richard Cremer na wenzake wakaunganisha mambo mawili hayo, wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Ilichukua miaka mingine 10, hadi majaribio ya Jerold Lucey huko Marekani mwaka 1968, ndipo madaktari wa kwingineko wakashawishika.

Kinachotokea kwenye ngozi ni hiki. Bilirubini imejikunja kama kobe aliyeingiza kichwa na miguu ndani ya gamba: sehemu zake zinazopenda maji zimefichwa ndani. Mwanga wa bluu, hasa wa mawimbi ya nanomita 460 hadi 490, ndio bilirubini inaoumeza vizuri zaidi. Ikiumeza, inapinduka na kujikunjua. Zile sehemu zinabaki nje, sasa inayeyuka kwenye maji, na inaweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kungoja ini limalize masomo. Kazi inafanyika kwenye ngozi na katika mishipa midogo iliyo chini yake, damu inapopita. Joto halihusiki. Wala taa hizi hazikusudiwi kutoa mionzi ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi. Hivyo mama aliyeuliza kama mtoto ataungua anajibiwa hapana, ila jibu hilo lina sharti: hapana, mradi tumeiweka sawa.

Dozi iko mikononi mwa nani

Kila dawa wodini ina dozi iliyoandikwa na daktari. Mwanga nao ni dawa, ila dozi yake haiandikwi popote, inatokea au haitokei kulingana na jinsi nesi alivyopanga kitanda. Umbali wa taa, ukubwa wa ngozi iliyo wazi, umri wa taa zenyewe na saa ambazo mtoto amekaa chini yake: hivyo vinne ndivyo dozi.

Niliwahi kuingia zamu ya usiku mahali fulani nikakuta mtoto ana siku nzima kwenye taa na bilirubini imepanda. Wote walishaanza kuzungumzia kubadilisha damu. Nikatazama taa. Mtu alikuwa ameinyanyua karibu usawa wa kifua changu, kwa sababu mwanga ule unaumiza macho na kichwa, nami simlaumu, unaumiza kweli. Juu ya mtoto kulikuwa na kanga, mama alimwonea baridi. Nepi ilikuwa ya mtoto wa miezi 6, imepanda hadi kwapani. Mtoto alikuwa "kwenye taa" kwenye faili tu. Tuliishusha hadi umbali ulioandikwa na mtengenezaji, tukatoa kanga, tukakunja nepi ikabaki ndogo, tukaongeza taa ya pili. Asubuhi namba ilikuwa imeanza kushuka.

Tangu hapo siandiki "yuko kwenye taa". Naandika umbali kwa sentimita, na saa iliyowashwa na kuzimwa. Umeme ukikatika dakika 40 kabla jenereta haijaamka, naandika dakika 40. Pale penye kipima mwanga, kinashikwa usawa wa mtoto: tiba ya nguvu huhitaji mikrowati 30 au zaidi kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita, na taa za zamani za mirija hufifia taratibu huku kwa macho zikionekana vilevile. Taa inayong'aa si lazima iwe inatibu.

Macho hufunikwa, kwa kitambaa kinachopitisha hewa kidogo na kisichobana. Ukikifunga kwa ulegevu kinateleza hadi puani, na mtoto mchanga anapumulia pua, kwa hiyo si jambo dogo. Ukikikaza kinaminya kope. Kila akinyonya kinatolewa, macho yanasafishwa kama yana tongotongo, na yanaangaliwa kama yamevimba au yana usaha. Mtoto analazwa chali. Wengi tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa chache kama chapati, lakini tafiti zilizolinganisha hazikuona bilirubini ikishuka haraka zaidi kwa hilo. Mafuta ya kupaka yanangoja.

Joto lake linapimwa kila saa 3 au 4, libaki kati ya 36.5 na 37.5. Taa za zamani humtia joto, zile za LED zinamwacha apoe kwa kuwa yuko uchi na hazitoi joto. Hofu ya baridi ya yule mama haikuwa ya kipuuzi. Jibu lake tu ndilo lisiwe kanga juu ya mtoto, liwe chumba chenye joto au inkubeta.

Kuna jambo jingine ambalo anayeingia wodini mara ya kwanza halijui. Chini ya bluu kila mtoto anaonekana wa bluu. Huwezi kujua kama midomo yake imebadilika kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo unapomkagua unazima taa, unamtazama kwa mwanga wa kawaida, unahesabu pumzi, unawasha tena.

Na maziwa. Bilirubini iliyokwisha kubadilishwa inatakiwa itoke, na inatoka zaidi na choo. Choo kinaletwa na maziwa. Maji ya glukosi yanajaza tumbo, yanamfanya asinyonye, na hayaleti choo. Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, dang'a ile ya njano nzito ikiwemo, maana inasukuma choo cheusi nje. Kama yuko kwenye taa moja, anatolewa hadi nusu saa: taa inazimwa, kitambaa kinafunguliwa, anashikwa kifuani, anamwona mama yake. Nimeona akina mama wakiogopa kumgusa mtoto kana kwamba taa ni mashine ya kumshikilia uhai. Mama, mchukue, ni wako. Kama namba iko juu sana na taa ni mbili au tatu, hapo hatumtoi. Mama anakamua, tunamlisha kwa kikombe au kwa mpira wa puani palepale.

Anapimwa uzito kila siku. Nepi zinahesabiwa. Choo kitakuwa laini na cha kijani, mkojo umeiva rangi, na hilo si la kutibiwa. Ni bilirubini inaondoka, ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Utosi ukididimia, mdomo ukikauka, nepi zikipungua, hapo tunazungumzia kumwongezea maji. Vipele vyepesi mwilini huja na kupotea. Ngozi ikigeuka kahawia yenye kijivu, daktari aitwe, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba ini lenyewe lina tatizo, na hilo ni swali jingine kabisa.

Pembetatu ya Sista Ward inarudi kutudanganya

Baada ya siku moja kwenye taa mtoto anaonekana mzuri. Ndugu wanafurahi, mama anauliza kuhusu kwenda nyumbani. Lakini kumbuka Rochford: mwanga unaondoa rangi kwenye ngozi ulikoangukia kwanza. Funua nepi, au inua kitambaa cha macho, utaona pembetatu yako mwenyewe, njano bado. Mtoto aliye kwenye taa hakadiriwi tena kwa kutazama ngozi. Anapimwa damu, saa 4 hadi 6 baada ya kuanza, kisha kila saa 6 hadi 12.

Na chupa ya dirishani nayo ipo. Unapomtoa damu unazima taa, na sampuli inafungwa karatasi ya foili au inawekwa gizani mpaka maabara. Ikiachwa kwenye mwanga inashuka yenyewe, majibu yanakuja mazuri, na mtoto anaruhusiwa na bilirubini ambayo hakuna aliyeiona.

Akishuka angalau 50 chini ya kizingiti chake, taa inazimwa. Baada ya saa 12 hadi 18 anapimwa tena, kwa sababu hupanda kidogo mwanga ukiondoka, na wale wa G6PD au wa kutopatana damu wanaweza kupanda sana. Ni kipimo ambacho familia hukichukia kuliko vyote, maana mifuko imeshafungwa na bajaji iko getini.

Jua la bibi

Hapa ninabishana na mama yangu mzazi, anayesema mtoto wa manjano aanikwe tu jua la asubuhi. Jua lina mwanga wa bluu, bila hilo Rochford isingekuwepo. Lakini lina urujuanimno pia, na joto, na hakuna anayeweza kupima dozi ya dakika 15 za saa moja asubuhi huku mtoto kavishwa kofia, soksi na shali. Tiba ni ya saa nyingi mfululizo. Watafiti waliojaribu jua lenyewe huko Lagos, Nigeria, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015, hawakumwanika mtoto hivihivi: waliwaweka chini ya mahema yenye karatasi maalumu za kuchuja mionzi mibaya, joto likipimwa, macho ya wauguzi yakiwa juu yao muda wote. Mtoto aliyeanikwa uani hana hata kimoja kati ya hivyo. Ubaya mkubwa wa jua la nyumbani ni zile siku mbili zinazopotea wakati kila mtu anadhani anatibiwa.

Wakati wa kuondoka namwambia mama mambo machache, kwa sababu najua hatakumbuka mengi. Akilala mno asinyonye, akilia kilio cha ajabu, manjano yakifika nyayoni, arudi usiku huohuo. Baadaye masikio yapimwe kama namba ilipanda sana. La mwisho namwonyesha kwa mkono wangu kwenye ukuta uliopakwa chokaa: mtoto akifika siku 14 bado ni wa njano, na choo chake kimekuwa cheupe namna hii, asingoje kliniki ya chanjo. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Kliniki ni wiki ya 6, siku ya 42. Anahesabu kwa vidole, anaangalia tena ukuta, anamfunga mtoto kanga na kutoka.